Kuchora sura ya mtu kwa kidole kwenye simu, kisha kwa rangi kwenye kanvasi: mwongozo kamili kwa anayejifunza

Mchoraji anayejifundisha mwenyewe huwa anaianza sura ya mtu kwa mstari. Anazungusha kichwa, anakata taya, anaweka macho, pua na mdomo, kisha anajaza rangi ndani ya mipaka. Mhusika anatambulika, lakini uso umelala bapa, hauna mfupa wala nyama. Tatizo hilo linatibika, na dawa yake wengi tunatembea nayo mfukoni: simu ya kugusa, na kidole kitupu kisichoshika kalamu.

Kidole hakiwezi kuchora mstari mwembamba. Ncha yake ni nene, inaziba palepale unapochora, na kioo cha simu hakijui kama umebonyeza kwa nguvu au kwa upole. Kinachobaki ni kupaka mapande: pande la kivuli chini ya shavu, pande la mwanga kwenye paji, na pande la kati linaloyaunganisha. Sura ya mtu imejengwa hivyohivyo. Ndiyo maana nasisitiza uanze na kidole hata kama kalamu ya kidijitali unayo, na ndiyo maana mwongozo huu unakwenda na kurudi kati ya simu na kanvasi. Kila kimoja kinakifundisha kingine.

Wasanii wakubwa wameshapita njia hii. Toleo la jarida la The New Yorker la tarehe 1 Juni 2009 lilitoka na jalada ambalo Jorge Colombo alilichora kwa kidole kwenye iPhone mtaani New York. Wakati huohuo David Hockney, mchoraji wa Uingereza mwenye jina la miongo mingi, alikuwa akichora maua kwa kidole gumba kwenye simu yake na kuwatumia marafiki. Mwaka 2013 Kyle Lambert akaonyesha sura ya Morgan Freeman aliyoipaka kwa kidole kwenye iPad kwa zaidi ya saa 200, na watu wengi walikataa kuamini kwamba si picha ya kamera. Mimi naipenda zaidi njia ya Hockney. Kunakili picha doa kwa doa kunafundisha uvumilivu, lakini kumtazama mtu aliyekaa mbele yako na kuamua haraka ndiko kunakofundisha kuona.

Vifaa

Simu ya kawaida ya Android inatosha kabisa. Programu za ibisPaint na Sketchbook zinapatikana bure, na zote zina tabaka (kurasa angavu zinazolaliana, kila moja ukiichora peke yake), brashi za kutosha na kitufe cha kutengua ulichokosea. Mwenye iPad anaweza kununua Procreate. Chagua moja ukae nayo. Anayehama programu kila wiki haijui hata moja.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime vitu viwili: mwanga unaojirekebisha wenyewe, na kile kichujio cha usiku kinachotia kioo umanjano ili macho yapumzike. Ukikisahau hicho cha pili utachagua rangi za ngozi jioni, asubuhi uzikute zimegeuka. Weka mwanga wa kioo katikati, usiguse tena hadi umalize.

Mafuta na jasho la mkono ni adui, hasa sisi wa Pwani. Kidole chenye jasho kinakwama na kuruka, na rangi inatoka vipande vipande. Weka kando kitambaa cha kufutia miwani, ufute kioo na kidole kila unapopumzika. Kuna pia vifuniko vyepesi vya vidole wanavyovaa wacheza gemu, vilivyofumwa kwa nyuzi zinazopitisha umeme. Vinateleza vizuri, na mtu mwenye mikono ya jasho atavishukuru.

Kwa upande wa rangi halisi, chukua tyubu tano tu: nyeupe ya titani, manjano ya oka, siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu), nyekundu moja iliyokolea, na bluu ya ultramarini. Nyeusi usinunue. Ultramarini ikichanganywa na siena iliyochomwa inatoa giza lenye uhai kuliko nyeusi yoyote ya dukani, na unaweza kuivutia kwenye ubaridi au kwenye ujoto upendavyo. Akriliki inamfaa anayeanza kwa kuwa inakauka upesi na inasafishwa kwa maji. Kanvasi ikiwa ghali, kata hadibodi, ipake jeso (rangi nyeupe ya kuandalia ubao) mara mbili, isugue kwa msasa laini. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi yake Dar es Salaam juu ya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo usione haya.

Kumkalisha mtu wako

Mwanga utoke upande mmoja. Mkalishe karibu na dirisha au mlango, mwanga umpige kwa ubavu, na taa ya ndani uizime hata kama chumba kinaonekana giza kidogo. Mianga miwili inagombana usoni, na anayeanza hawezi kuisuluhisha. Ukichorea barazani, kaa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jua la saa sita linashuka wima na kuchimba mashimo kwenye macho.

Angalia pia anachovaa. Kanzu nyeupe inarudisha mwanga chini ya kidevu. Kanga nyekundu inamwaga wekundu wake kwenye shingo na taya, na ukiupaka wekundu huo picha inapata uhai ambao hakuna mstari unaoweza kuuleta.

Mwombe ruhusa mapema na umwambie wazi picha itakwenda wapi: itabaki nyumbani, au utaiweka mtandaoni. Kama ni mzee, umwamkie, umpe kiti chenye egemeo, umtafutie kitu cha kutazama. "Bibi, naomba uangalie ule mnazi nje" inafaa kuliko "usitikisike". Mwache apumzike kila baada ya dakika 20. Kabla hajainuka, bandika vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni penye miguu ya kiti, ili akirudi akae palepale.

Hatua ya kwanza: mapande matatu kwenye simu

Fungua ukurasa wa pikseli 2000 kwa 2500. Vipimo hivi vina sababu: vinalingana uwiano na hadibodi ya sentimita 40 kwa 50 tutakayoitumia baadaye, na simu ya kawaida inavimudu bila kukwama. Jaza ukurasa wote rangi ya udongo iliyopauka, isiyo nyeupe wala nyeusi. Ukianzia kwenye weupe kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi mno, nawe utaishia na sura ya mtu aliyetoka hospitali.

Chagua brashi ngumu ya duara, kubwa, yenye upana wa karibu robo ya kichwa unachotaka kuchora. Ondoa ulaini wote kwenye kingo zake. Sasa kunja macho nusu, umtazame mtu wako hadi vinyweleo na mikunjo vipotee, ubaki na giza na mwanga tu. Weka rangi tatu: ya kivuli, ya kati, ya mwanga. Kwa kidole cha shahada paka kivuli chote kwa mkupuo mmoja: nywele, tundu la jicho, ubavu wa pua, chini ya mdomo, shingo. Acha yaungane. Jicho lililo upande wa kivuli halihitaji kuonekana bado.

Usikuze ukurasa. Hatua nzima ifanyike kichwa kikionekana chote kwenye kioo. Ukimaliza, ishike simu kwa urefu wa mkono. Kama kwa mapande hayo matatu ndugu yake anaweza kusema "huyu si mama Salma?", basi una msingi. Kama hawezi, macho na kope hazitakuokoa. Tengua, rudia. Zoezi moja halizidi dakika 15, na uzuri wa simu ni kwamba kurudia hakuli rangi.

Hatua ya pili: rangi ya ngozi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu mafunzo mengi ya uchoraji yaliyoko mtandaoni yametungwa kwa ngozi nyeupe, na ukiyafuata kichwakichwa unamharibu mtu wa maji ya kunde au mweusi.

Anza kwa kuelewa kwamba hudhurungi ni chungwa lililotiwa giza. Kwenye duara la rangi la programu yako, weka alama kati ya nyekundu na njano, kisha ivute kuelekea giza na uipunguze ukolezi (ukali wa rangi) kidogo. Hiyo ndiyo rangi ya kati. Ukitaka kivuli, usishuke wima kwenda kwenye nyeusi. Geuza alama kidogo upande wa nyekundu huku ukishuka, upate kitu kinachokaribia damu ya mzee. Kivuli chenye wekundu kinaonyesha kwamba chini ya ngozi kuna damu. Kivuli cheusi kitupu kinaonyesha masizi.

Mwanga ndio unaowashinda wengi. Wanachukua rangi ya kati na kuiongezea nyeupe, ngozi inatoka na majivu. Tazama paji la mtu mweusi aliyekaa dirishani: pale palipong'aa hapana weupe, pana rangi ya mbingu. Ngozi nyeusi inaakisi kilicho mbele yake, na dirisha linapotazama anga, mng'ao unakuwa na ubuluu uliopauka. Taa ya balbu ikiwa ndiyo mwanga pekee, mng'ao unakuwa wa dhahabu. Kwa hiyo chagua kwanza mwanga wako umetoka wapi, kisha ipe sehemu ya mng'ao rangi hiyo, kidogo tu, kwa brashi ndogo na nguvu ya rangi iliyopunguzwa hadi asilimia 30 hivi. Pitisha kidole mara moja. Ukirudia palepale panakuwa plastiki.

Uso pia una maeneo yake. Paji huwa na udhahabu, sehemu ya kati (pua, mashavu, masikio) ina wekundu zaidi, na kidevu pamoja na eneo la ndevu huelekea kwenye ubaridi wa kijivu. Kwenye ngozi nyeusi tofauti hizi ni ndogo lakini zipo. Sikio lenye mwanga nyuma yake linakuwa jekundu kabisa, kwa sababu mwanga unapenya.

Programu karibu zote zinakuruhusu kubonyeza kidole kwa muda juu ya rangi iliyoko kwenye ukurasa ili uichukue tena. Itumie kuchukua rangi kwenye picha yako mwenyewe. Usiitumie kwenye picha ya kamera ya huyo mtu. Kamera imeshaamua kwa niaba yako, na mara nyingi imeamua vibaya, hasa kwa ngozi nyeusi: inang'arisha vivuli na kufuta wekundu wote niliokwambia uutafute.

Hatua ya tatu: macho, pua, mdomo

Sasa unaweza kukuza ukurasa, lakini kwa kiasi. Jicho likishajaza upana wa vidole vitatu au vinne, simama hapo. Ukizidi unaanza kuhesabu kope.

Jicho ni tufe lililolala kwenye tundu, na kope la juu lina unene na linaangusha kivuli juu ya tufe hilo. Paka kivuli hicho kwanza. Nyeupe ya jicho usiipake nyeupe. Ipake kijivu chenye joto, cheusi kuliko unavyodhani. Kisha mboni, kisha pembe ya ndani yenye unyevu na wekundu kidogo. Nukta ya mng'ao iwe ya mwisho kabisa, na iwe moja kwa kila jicho, upande ule ule wa dirisha. Hapo uone mtu anavyokutazama.

Pua haina mstari wa ubavuni. Ina pande la kivuli upande mmoja na mng'ao kwenye ncha, na tundu lake ni jekundu la giza, si jeusi. Mdomo wa juu kwa kawaida ni mweusi kuliko wa chini kwa sababu umeinama mbali na mwanga. Kati ya midomo weka giza kwenye pembe, katikati ulegeze. Mtu akicheka, paka meno kwa pande moja. Ukiyatenganisha jino kwa jino utampata mzee kuliko alivyo.

Kile kifaa cha kupakaza, chenye alama ya kidole, kinavutia mno. Nakushauri ukifiche hadi mwisho, ukitumie sehemu mbili tatu tu: ukingo wa shavu linalozama kivulini, nywele zinapokutana na paji. Kingo zote zikilainika, uso unayeyuka.

Hatua ya nne: kuhamia kwenye kanvasi

Kwenye tabaka jipya chora gridi: miraba 4 kwa upana na 5 kwa urefu, kila mmoja pikseli 500. Kwenye hadibodi ya sentimita 40 kwa 50 piga miraba hiyohiyo kwa penseli hafifu, kila mmoja sentimita 10. Hamisha mipaka ya mapande tu: kivuli kinaishia wapi, nywele zinaanzia wapi. Kisha paka ubao wote siena iliyotiwa maji mengi, ndio ule udongo uliouanzia kwenye simu.

Changanya vilima vitano vya rangi kabla ya kugusa ubao: vivuli viwili, ya kati, ya mwanga, ya mng'ao. Akriliki ikikauka inaingia giza kidogo, kwa hiyo jaribu kwenye kipande cha karatasi, subiri ikauke, ndipo uamue. Siku za joto weka chupa ya kupulizia maji karibu na paleti. Anayetumia rangi za mafuta azingatie kanuni ya zamani: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi, la sivyo picha itapasuka.

Usiisogeze simu karibu na ubao ukijaribu kulinganisha rangi moja kwa moja. Kioo kinatoa mwanga chenyewe. Rangi ya tyubu inaakisi tu mwanga wa chumba, haitafika kule. Linganisha uhusiano: kwenye simu, je, kivuli cha shingo ni cheusi kuliko nywele? Shavu lina wekundu kuliko paji? Ukiulinda uhusiano huo, picha itasimama hata kama yote imeshuka ngazi moja.

Hatua ya tano: kurudi kwenye simu ukiwa njiani

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na sioni watu wengi wakiifanya. Ubao ukifika nusu, upige picha. Uuegemeze wima, mwanga wa dirisha utoke pembeni, flashi izimwe, simu iwe sambamba na ubao. Ikate picha hadi kingo kamili za hadibodi, uiingize kwenye programu katika ukurasa uleule wa 2000 kwa 2500.

Igeuze kwanza, kushoto kuwe kulia. Kosa lililojificha litajitokeza papo hapo. Nilipokuwa nikimchora mama mdogo, picha ilikuwa na kitu kinachosumbua ambacho sikuweza kukitaja. Ilipogeuzwa, jicho la mbali lilikuwa limepanda juu. Nikalizungushia kwa kifaa cha kuchagulia, nikalishusha kwa kidole hadi likakaa, nikasoma umbali: pikseli 20. Kwa kipimo chetu, pikseli 50 ni sentimita moja ya ubao, kwa hiyo jicho lilitakiwa kushuka milimita 4. Nikapima kwa rula, nikapaka upya. Bila simu ningelichezea jicho hilo jioni nzima.

Baada ya umbo, jaribu rangi. Fungua tabaka jipya juu ya picha ya ubao, upake kwa kidole lile badiliko unalolifikiria: kivuli cha shingo kikolee, mandhari ya nyuma iwe ya kijani, mng'ao wa pua uondoke. Zima tabaka, washa, zima. Likiwa jema, lipeleke kwenye ubao. Mwisho ondoa ukolezi wote, picha ibaki nyeusi na nyeupe, uiweke sambamba na ile ya mapande matatu. Mapande yakiwa yamepotea, umezama kwenye rangi ukasahau mwanga.

Kidole kwenye rangi halisi

Ukishazoea kidole kwenye kioo utatamani kukitumia kwenye ubao pia, na historia iko upande wako. Kwenye picha ya Ginevra de' Benci iliyoko National Gallery of Art, Washington, alama za vidole vya Leonardo da Vinci zinaonekana ndani ya rangi. Palma il Giovane, mchoraji wa Venice, alisimulia kwamba Titian, mchoraji mkubwa wa mji huohuo, katika hatua za mwisho za picha zake za uzeeni, alikuwa akipaka kwa vidole zaidi kuliko kwa brashi. Kidole kinalainisha ukingo wa shavu namna ambayo brashi haiwezi.

Lakini vaa glavu nyembamba za nitrili. Rangi zenye kadmiamu, kobalti au risasi zina sumu, na jina la tyubu halikuambii kila mara kilichomo. Soma maandishi madogo ya nyuma. Usile ukiwa kazini. Rangi ya mafuta ikikushika mkononi, ipake mafuta ya kupikia, uifute kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni. Tapentaini isiguse ngozi.

Kuhifadhi, kutuma, kuchapisha

Hifadhi faili lenye tabaka zake zote, na nakala moja ya PNG (aina ya faili la picha lisilopoteza ubora). Ukurasa wetu wa 2000 kwa 2500, ukichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, unatoa picha ya takriban sentimita 17 kwa 21. Ukijua tangu mwanzo kwamba unataka A4 nzima, anza na 2480 kwa 3508, ila ujue simu ndogo itakupunguzia idadi ya tabaka. Mwambie mchapishaji akutolee kipande kidogo cha majaribio kwanza, kwani vivuli vya ngozi nyeusi huzama kwenye karatasi. Mara nyingi inabidi uviinue kidogo kabla ya kuchapisha.

Unapomtumia mhusika nakala yake kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha inabanwa, na ile tofauti ndogo ya rangi kati ya paji na shavu ndiyo inayotangulia kupotea.